Neno Alilongoja Lirudishwe: Maisha ya Tata Omer Mbuyu, 1946–1994

Kitu cha kwanza nilichokiona kwa mjomba wangu, marehemu Tata Omer Mbuyu, kilikuwa mkono wake wa kulia. Ilikuwa Septemba 1984. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, nimeshuka kwenye treni ya Lubudi na sanduku la bati, nimetumwa kukaa kwake ili nisome hapa Kolwezi. Alinimiminia chai mpaka ukingoni mwa kikombe, akakiinua, akakipitisha juu ya meza nzima na kukiweka mbele yangu. Hakuna tone lililomwagika, wala kikombe hakikulia kilipogusa ubao. Na wakati wote huo hakuwa akikitazama. Alikuwa akinitazama mimi, akiniuliza kama najua kusoma saa.

Familia imeniomba niandike wasifu huu kwa sababu ndiye niliyesoma barua za madaktari wake na kuzitia katika Kiswahili. Nitasema mambo jinsi yalivyokuwa, maana kwa muda mrefu yalisemwa jinsi hayakuwa.

Tata Omer alizaliwa tarehe 3 Machi 1946 karibu na Bukama. Alikuwa mtoto wa pili wa Tata Kalenga, mfanyakazi wa kikosi cha kutengeneza reli, na Mama Ndaya, ambaye jina lake ninalibeba. Nyumba yao ya matofali ilikuwa mita thelathini kutoka njia ya treni. Bibi alisimulia kwamba mtoto huyo hakuwahi kuamshwa na treni. Aliamka treni ilipochelewa.

Alianza shule ya msingi ya misheni mwaka 1953 na kuimaliza mwaka 1959. Mwaka uliofuata vita vya kaskazini vilifunga shule. Wazazi wake walikimbia na watoto, wakakaa miezi mitano porini kando ya Lualaba. Hakupenda kusimulia miezi hiyo. Alisema tu kwamba hapo ndipo alipojua kuwa mtu anaweza kuambiwa "toka" mahali alipozaliwa. Mwaka 1962 alipelekwa Kamina kuendelea na masomo, akayamaliza Juni 1966, na mwaka 1967 alifuata mafunzo ya wafanyakazi wa stesheni huko Likasi. Katika cheti chake mwalimu aliandika: "Sauti safi, mwandiko safi, hana haraka." Cheti hicho kilitundikwa sebuleni hadi mwaka jana.

Tarehe 2 Januari 1968 aliajiriwa katika stesheni ya Lubudi, kwenye simu ya njia. Wengi wenu hapa ni watu wa mgodi, kwa hiyo nieleze kazi hiyo. Reli yetu ni moja tu, na treni mbili zikikutana uso kwa uso watu watakufa. Kwa hiyo treni haiondoki stesheni moja mpaka stesheni ya mbele iulizwe kama njia iko wazi. Jibu la "ndiyo" halitoshi. Aliyeulizwa lazima arudishe neno: ataje tena namba ya treni, mahali inapotoka na saa yake, na aliyeuliza asikilize maneno yake mwenyewe yakimrudia. Neno likirudi na kosa, linarekebishwa. Lisiporudi, treni inasimama, hata kama mkubwa wa wakubwa amepanda ndani yake. Tata Omer alifanya kazi hiyo miaka kumi na miwili Lubudi, na kuanzia Mei 1980 hapa Kolwezi. Kwa miaka ishirini na mitano hakuna treni iliyoondoka kwa kosa lake.

Desturi hiyo aliileta nyumbani. Akikutuma, hukuondoka kabla ya kurudisha neno.

"Adolphine, kwenda kuleta chumvi, mikate mbili, na urudie mbele ya mvula."

"Chumvi, mikate mbili, mbele ya mvula, Mujomba."

Mke wake alicheka jikoni kwamba nyumba si stesheni: "Tata Stany, hapa hatuko mu gare!"

Naye alijibu kwa sauti ileile ya simu: "Hapa hatuko mu gare. Nimesikia, Mama Stany."

Mke huyo ni Mama Josée Mianda. Walijuana Lubudi mwaka 1974, wakati Josée na mama yake walipokuwa wakienda kununua mahindi na maharagwe kwa wakulima na kuyaleta Kolwezi. Siku moja aliuliza dirishani treni yao itaondoka saa ngapi. Tata Omer alimwambia, na binti akasema yote tena: namba, saa, njia ya pili. Kisha akaondoka kama hakuna kilichotokea. Mjomba alimgeukia mwenzake: "Ule binti amerudisha neno, na hakuna mutu alimufundisha." Wiki iliyofuata alikuwa ameoga na kuvaa tai.

Babu yake Josée aliletwa kutoka Kasai kufanya kazi mgodini. Baba yake alizaliwa huku huku, akafanya kazi katika mashimo ya mgodi wa Mashamba mpaka alipostaafu. Wazee wa upande wetu walinung'unika kuhusu Mukasai kuingia katika familia. Tata Omer aliwasikiliza wote, akawarudishia maneno yao mmoja mmoja bila kukosea, kisha akasema atamwoa. Walifunga ndoa tarehe 20 Desemba 1975. Miaka ile majina ya Kikristo yalikuwa yamekatazwa, kwa hiyo katika karatasi za serikali aliandikwa Mbuyu wa Kalenga. Omer lilibaki jina la nyumbani na la kanisani. Mungu aliwapa watoto wawili: Stany mwaka 1976, na Joyeuse mwaka 1984.

Sasa lazima nifike kwenye miaka migumu. Shaba ilipungua, na treni zikapungua pamoja nayo. Mwaka 1990 zilipita sita kwa siku. Mwishoni mwa 1992 kulikuwa na siku ambazo simu ya njia haikulia kabisa. Watu waliokosa kazi walianza kutafuta mwenye kosa, na redio na mikutano iliwaonyesha jirani zao. Wenye asili ya Kasai waliitwa bilulu, yaani wadudu. Wimbo wa kuwafukuza uliimbwa na watoto barabarani, mbele ya nyumba ambamo Joyeuse alikuwa akifanya mazoezi ya shule.

Ni katika miezi hiyo hiyo ugonjwa ulianza, ndiyo sababu hakuna aliyeuona. Novemba 1992 kikombe kililia mezani kwa mara ya kwanza. Kufikia Krismasi mkono wa kulia ulikuwa ukipita kitu unachokitafuta, kisha unarudi nyuma, kisha unapita tena. Vifungo vya shati vilimchukua nusu saa. Katika kitabu cha treni herufi zake, zilizokuwa ndogo kama punje za ulezi, zilianza kukua na kuvuka mistari. Alitembea miguu imeachana, akivutwa kulia. Maneno yake yalitoka moja moja na nafasi kati yao.

Alikuwa shemasi katika kanisa letu la Betania. Jumapili ya tarehe 7 Februari 1993 alikuwa akipitisha sinia ya vikombe vya Meza ya Bwana. Alipofika safu ya tatu alinyoosha mkono, mkono ukapita, na vikombe vyote vikaanguka kwenye saruji. Alijaribu kuinama kuokota vipande, akaanguka juu yavyo. Kutoka nyuma mama mmoja alisema, si kwa sauti kubwa, lakini wote walisikia: "Shemasi amelewa."

Mwenyekiti wa wazee wa kanisa, Mzee Mwamba, ambaye yupo hapa nasi na ameruhusu niyasome haya, alimwita ofisini siku hiyo hiyo.

"Omer, ulikunywa?"

"Hapana, Mzee. Mi shikunywe kitu."

"Basi tembea mpaka kwa mulango."

Alitembea. Alifika ukutani, si mlangoni. Kwa kanuni ya kanisa letu mlevi hutengwa na Meza ya Bwana, na akifa akiwa ametengwa, jeneza lake haliingii kanisani wala kwaya haiimbi. Alitengwa. Aprili mkuu wa stesheni, Tata Numbi, naye alimwondoa kwenye simu. Tata Numbi alilia akifanya hivyo, lakini alifanya sawa: mtu ambaye maneno yake yanachelewa hawezi kushika maisha ya abiria.

Nyumbani Mama Josée alimnusa pumzi kila alipoingia. Hakuwahi kusikia harufu ya pombe, na hilo lilimtia hofu zaidi, maana alidhani amejifunza kuificha.

"Tata Stany, semaka kweli. Sitakasirika. Unakunywa wapi?"

"Mama Stany, mi shikunywe."

"Na mukono?"

"Mukono shiyui."

Mwandishi wa wasifu wa kweli hafichi kitu. Mara moja alikunywa. Ilikuwa Juni 1993, kwenye kibanda karibu na soko, mchana, mbele ya watu waliokuwa wakimcheka. Aliomba chupa ya bia, akasema: "Kama mumekwisha kuniazibu, mungoje basi nijue utamu wake." Alikunywa nusu, akakunja uso na kusema ni chungu. Watu walicheka naye badala ya kumcheka, na nadhani hilo ndilo alilokuwa akilitafuta. Lakini habari ya chupa hiyo ilimfikia Mama Josée kabla ya mumewe kufika nyumbani. Tangu siku ile hakumuuliza tena. Alijua, au alidhani anajua.

Julai vijana walikuja na orodha ya nyumba za wenye asili ya Kasai. Wazazi wa Josée walipewa saa mbili kutoka. Walikwenda walikokwenda wote, kwenye uwanja wa stesheni, kungoja treni ya Kasai chini ya plastiki na mabati. Maelfu ya watu walikuwa pale. Baba yake Josée, aliyekuwa amechimba shaba ya mji huu miaka thelathini na moja, alifariki kwenye uwanja huo tarehe 29 Julai kwa kuharisha, akazikwa bila jeneza. Ndipo vijana walipoanza kuja kwetu pia na kuuliza mke wa Mbuyu ataondoka lini. Iliamuliwa Mama Josée aende na Joyeuse, pamoja na mama yake na kaka yake mwenyewe, Muteba, na kwamba Tata Omer na Stany wafuate baadaye. Iliamuliwa hivyo kwa maneno machache. Mke na mume hawakuwa wakizungumza sana siku zile.

Treni iliondoka Jumamosi tarehe 14 Agosti 1993, saa nne asubuhi. Mabehewa yalijaa mpaka juu ya paa. Tata Omer alikuwa ameshika kikombe cha maji ampe Joyeuse dirishani. Alinyoosha mkono. Mkono ulipita vidole vya mtoto ukampiga usoni, maji yakamwagika, naye Tata Omer akaanguka kwenye mawe kando ya reli. Vijana waliosimama pale walipiga mayowe ya furaha:

"Angalia bwana ya Mukasai! Amelewa mapema!"

Muteba alisema kutoka ndani: "Shemeji, hata leo?"

Tata Omer alishika ubavu wa behewa akasimama. Alisema pole pole, neno moja moja, lile alilosema kila mke wake aliposafiri: "Mufike salama. Mi nakuya." Na kila mara, kwa karibu miaka kumi na minane, Mama Josée alikuwa akilirudisha: tutafika salama, utakuja. Siku hiyo alimtazama kwa muda mfupi, kisha akashusha dirisha. Treni ikaondoka. Stany anasema baba yake alibaki amesimama pale mpaka saa sita, kichwa kimeelekea njia, kama mtu anayesikiliza simu.

Ni Stany aliyegundua. Alikuwa akipeleka viatu vya baba yake kwa fundi, na fundi akamwonyesha kwamba kiatu cha kulia kimelika ukingoni mpaka kitambaa, na cha kushoto ni kizima. Nilipofika likizo kutoka Lubumbashi, ambako nilikuwa nikisoma biolojia, alikiweka kiatu hicho mezani mbele yangu.

"Dada Adolphine, mulevi anamaliza biatu yote mbili. Tata anamaliza moya tu."

Novemba tulimpeleka kwa daktari Lubumbashi. Alimwomba aguse pua yake, kisha kidole cha daktari, kisha pua. Akasema ugonjwa uko nyuma ya kichwa, katika ubongo mdogo unaosimamia mwendo, na kwamba haponyi mtu kwa kubahatisha: anahitaji picha. Mashine ya kupiga picha ya ubongo haikuwapo nchini kwetu. Wamisionari wa kanisa jirani walimtafutia nafasi, na Februari 1994 alipelekwa Johannesburg.

Huko walipiga picha mbili. Ya kwanza ilionyesha umbo la ubongo. Nyuma, mahali daktari alipotazamia ugonjwa, palikuwa safi. Uvimbe ulikuwa mbele, upande wa kushoto, katika ubongo mkubwa, ukubwa wa yai la kuku. Picha ya pili haikuonyesha umbo. Ilionyesha damu inakwenda wapi, yaani ni sehemu gani inafanya kazi. Katika picha hiyo nusu ya kulia ya ubongo mdogo ilikuwa imefifia, ingawa hakuna kitu kilichoigusa.

Daktari alieleza hivi katika barua yake. Ubongo mkubwa huamua: chukua kikombe. Ubongo mdogo hauamui, unapima. Unapokea habari kutoka mbele, unailinganisha na mahali mkono ulipo, na kurudisha jibu: punguza, ongeza, simama. Nyuzi zinazopeleka habari hizo huvuka, hivi kwamba upande wa kushoto wa mbele huzungumza na upande wa kulia wa nyuma, na jibu hurudi kwa kuvuka tena. Uvimbe ulikuwa umevuruga mazungumzo hayo. "Sehemu ya nyuma haina ugonjwa," aliandika. "Imeachwa bila habari." Aliongeza kwamba si kila uvimbe hufanya hivyo, wala kwa kila mtu sawa, na kwamba wataalamu bado wanatafuta kujua ukimya wa sehemu moja unafika mbali kiasi gani katika nyingine. Aliandika pia jambo ambalo nilitaka wazee wa kanisa walisikie: pombe huuvuruga ubongo mdogo huo huo. Kwa hiyo waliomwona Tata Omer akiyumba hawakuona vibaya. Walikosea sababu.

Nilipomsomea barua hiyo, alifumba macho akasikiliza mpaka mwisho. Kisha alicheka, na sikuwa nimemsikia akicheka tangu Agosti.

"Ah! Kumbe gare ya nyuma iko muzima. Inangojea tu simu."

Akatafuta maneno, akayapata. "Andikia Mama Stany ile yote. Yote. Na umuambie arudishe neno."

Madaktari hawakuweza kuutoa uvimbe wote. Ulikuwa umeanza kuvuka kwenda upande wa pili, na kisu kingemnyima usemi. Alirudi Kolwezi Aprili. Barua ilisomwa mbele ya baraza la wazee, na Jumapili tarehe 15 Mei 1994 Mzee Mwamba alisimama kanisani. Alisema: "Tata Omer, siye tulikuazibu juu ya ugonjwa. Tulikuambia tembea mpaka kwa mulango, na mulango njo ulikuwa umefungwa ndani ya kichwa. Utusamehe." Alishuka mwenyewe na kikombe cha Meza ya Bwana, akakishika kinywani mwa Tata Omer. Ni kwa sababu ya siku hiyo kwamba leo kwaya imeimba na jeneza limepita mlango wa Betania.

Lakini si kanisa alilokuwa akilifikiria. Aliniambia: "Kanisa limejua. Sasa mwanamuke wangu." Barua ya kwanza kwa Mama Josée, pamoja na nakala ya maelezo ya daktari, iliondoka Mei mkononi mwa dereva wa treni anayekwenda Mwene-Ditu, huko Kasai. Ya pili iliondoka Julai. Ya tatu iliondoka mwanzoni mwa Oktoba. Kila treni ya kutoka Kasai kupitia Tenke ilipoingia, Stany alikwenda stesheni. Hakukuwa na jibu. Hatukujua kama barua zimepotea, au zimefika na hazikuaminiwa.

Miezi hiyo tulijifunza kumsaidia kwa njia ambayo siiti dawa, maana sina ushahidi. Kabla ya kunyoosha mkono alisema jina la kitu, "kikombe", na mmoja wetu akamrudishia: "kikombe". Mara nyingi mkono ulikwenda sawa zaidi. Stany alisema baba amefungua simu mpya. Ilisaidia mpaka Agosti. Kisha maumivu ya kichwa yalizidi, akaanza kushikwa na kifafa, upande wa kulia ukafa kabisa, na maneno yakaisha moja baada ya jingine. "Mama Stany" yalikuwa miongoni mwa yale ya mwisho kuondoka.

Jumanne wiki hii, tarehe 8 Novemba 1994, saa nane mchana, Tata Numbi alikuja kwetu akikimbia, mtu wa miaka hamsini na minane. Kamina ilikuwa imepiga simu ya njia. Katika treni iliyotoka Mwene-Ditu alikuwamo mwanamke aitwaye Josée Mianda na msichana wa miaka kumi, na alikuwa ameomba stesheni ya Kolwezi iambiwe kwamba anakuja. Hakusema zaidi. Kama alisoma barua, hatujui. Kama anakuja kwa mume wake au kwa Stany peke yake, hatujui. Tunajua tu kwamba amepanda treni kurudi katika mji uliomfukuza, na hilo si jambo dogo.

Stany aliinama kwenye sikio la baba yake. "Tata, Mama eko mu treni. Yee na Joyeuse. Banakuya."

Tata Omer hakuwa amesema neno kwa siku tisa. Midomo yake ilitafuta kwa muda mrefu. Kisha ikasema, kwa sauti iliyosikika mpaka mlangoni: "Treni."

Hakusema tena kitu. Alifariki siku iliyofuata, Jumatano tarehe 9 Novemba 1994, saa kumi alasiri, nyumbani kwake, mkono wake wa kulia ukiwa katika mkono wa mwanawe. Alikuwa na umri wa miaka arobaini na minane.

Ameacha mke, Mama Josée Mianda, watoto wawili, Stany na Joyeuse, mama yangu, aliye dada yake pekee, shemeji yake Muteba, popote alipo, mama mkwe, wapwa watano, na wenzake wa simu ya njia kutoka Kolwezi hadi Kamina, ambao asubuhi ya Alhamisi walitajiana jina lake stesheni kwa stesheni, kila moja ikilirudisha kabla ya kulipeleka mbele.

Tulitaka kungoja. Lakini ni Novemba, joto ni kali, na chumba cha maiti hakina baridi. Wazee wameamua azikwe leo Jumamosi. Treni imesimama Lubudi tangu Alhamisi ikingoja injini ya kuivuta. Tata Numbi ameahidiwa kwamba itapatikana kesho. Mzee Mwamba amesema wazee wote wa Betania watakuwa kwenye jukwaa la stesheni, na kwamba yeyote atakayetaka kumpigia kelele Mama Josée ataanza na yeye. Nakala moja ya karatasi hii haikugawiwa. Stany ameikunja katika mfuko wa shati, kwa sababu wasifu huu utasomwa mara ya pili, kwa msikilizaji mmoja, na maneno yote ni yaleyale.

Ardhi ya Kolwezi ikupokee polepole, Mujomba, na upumzike. Umefika salama. Sisi tukitoka hapa kaburini tutanawa mikono, kisha tutakwenda kukaa karibu na simu. Lubudi haijapiga bado.